Kabla ya CBC, Kulikuwa na Kamirithu

Jumamosi asubuhi mtaani Tena, Eastlands jijini Nairobi, kabla ya wauza mitumba kutandika nguo zao kando ya barabara, sauti za watoto husikika kutoka nyumba ya chini ya ghorofa moja. Ni tuisheni. Mwalimu anasoma sentensi, watoto wanaipokea kama kiitikio. "Tena!" anasema mwalimu, nao wanairudia. Kila nikipita hapo na kulisikia neno hilo, ambalo pia ndilo jina la mtaa wetu, huwaza ni lini mara ya mwisho mmoja wa watoto wale aliulizwa yeye anaonaje.

Siku hizi nchi nzima inawaza hivyo. Mtaala wa umilisi, CBC, ulianza kutekelezwa mwaka 2019 kuchukua nafasi ya 8-4-4 iliyokuwapo tangu 1985, na tangu hapo wazazi wa Eastlands wamenunua manila na rangi hadi wakachoka. Wengi wanaamini kwamba kumpa mwanafunzi nafasi ya kuuliza na kutenda ni jambo lililoletwa majuzi na wageni. Ninakataa. Wakenya walilifanya karibu miaka 50 iliyopita, umbali wa safari moja tu ya matatu kutoka hapa, na kwa kuwa lilifaulu, likapigwa marufuku.

Kamirithu ni kijiji cha Limuru kilichozaliwa wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipowahamisha watu kwa nguvu na kuwakusanya mahali pamoja ili wawachunge. Mwaka 1976 wanakijiji waliamua kufufua kituo chao cha vijana wakifanye cha elimu na utamaduni. Wanaume wawili wenye jina moja walijiunga nao. Ngugi wa Mirii alikuwa mtaalamu wa elimu ya watu wazima. Ngugi wa Thiong'o alikuwa mhadhiri wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, yule ambaye mwezi Oktoba 1968, pamoja na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, alidai idara ya Kiingereza ifutwe ili fasihi ya Afrika ikae katikati.

Walianza na ngumbaru, madarasa ya watu wazima wasiojua kusoma. Wa Mirii aliyajua mawazo ya Paulo Freire, mwalimu wa Brazil. Mwaka 1963, katika mji wa Angicos, Freire na wenzake waliwafundisha vibarua 300 kusoma kwa muda wa saa 40 hivi. Hawakuanza na a, e, i, o, u. Walianza na neno ambalo kibarua analishika kila siku, kwa mfano "tijolo", yaani tofali. Kwanza watu walilizungumza: nani analifyatua, nani analala ndani ya nyumba iliyojengwa nalo, kwa nini anayelifyatua halali humo. Baada ya hapo ndipo walilivunja silabi kwa silabi. Mwaka uliofuata jeshi lilipindua serikali, na Freire akafungwa, kisha akaenda uhamishoni. Kitabu chake kilichosambaa duniani kuanzia 1970 kililaumu ufundishaji unaomgeuza mtoto kuwa akaunti ya benki: mwalimu anaweka, mtoto anahifadhi, mtihani unakuja kutoa.

Huko Kamirithu, mazungumzo ya darasani yalihusu ardhi, mishahara ya viwandani na mashambani, na kumbukumbu za vita vya uhuru. Yakazaa mchezo wa kuigiza kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda. Hapa ndipo ninapoona uzito wa kisa chenyewe. Akina Ngugi waliandika rasimu, lakini wanakijiji waliisoma na kuisahihisha. Wazee waliwaambia wasomi kwamba mzee wa Kikuyu hasemi hivyo. Walioshuhudia vita walieleza bunduki za Mau Mau zilivyotengenezwa hasa. Mazoezi yalifanyika hadharani, na yeyote aliyepita aliweza kusema hapo mmekosea. Watu wale wale walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kutosha watazamaji 2,000. Profesa akawa mwanafunzi, na mama wa shambani akawa mwalimu wa lugha. Sijui darasa jingine katika historia ya nchi yetu lililoupindua mpangilio wa nani anajua na nani hajui kwa ukamilifu kama huo.

Mchezo ulianza Jumapili, tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba mkuu wa wilaya ya Kiambu aliondoa leseni. Kabla ya mwaka kwisha, Ngugi wa Thiong'o alikamatwa, akazuiliwa Kamiti bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Machi 1982 polisi waliubomoa ukumbi.

Katikati ya matukio hayo, mwaka 1979, serikali iliunda Idara ya Elimu ya Watu Wazima na kuanzisha kampeni ya kitaifa ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma. Kwa hiyo hakuna aliyepinga ngumbaru. Mkulima aliruhusiwa kusoma bei ya mbolea, si kuuliza nani ameipanga.

Wakati huohuo mkondo mwingine ulikuwa ukipita kimyakimya makanisani. Kuanzia 1974 Anne Hope wa Afrika Kusini na Sally Timmel wa Marekani waliendesha nchini mafunzo yaliyoitwa DELTA, kwa mlango wa Kanisa Katoliki. Somo lao moja ni igizo lisilo na maneno. Watu wawili wanafika mtoni, wanaogopa maji. Wa tatu anatokea. Anambeba mmoja mgongoni, anachoka katikati, anamwacha juu ya kisiwa. Yule mwingine anamshika mkono na kumwonyesha mawe ya kukanyagia, mpaka anavuka kwa miguu yake. Mwezeshaji haelezi kitu. Anauliza tu: mmeona nini? Kwa nini ilikuwa hivyo? Kwetu hutokea wapi?

Mafunzo hayo yaliandikwa kuwa vitabu na kuchapishwa Gweru, Zimbabwe, mwaka 1984. Zimbabwe ndiko Ngugi wa Mirii naye alikokimbilia baada ya Kamirithu kubomolewa, akaendeleza tamthilia za wanakijiji huko hadi alipofariki katika ajali ya barabarani mwaka 2008. Inaniuma kwamba Wazimbabwe ndio waliovuna kilichopandwa Limuru.

Huku kwetu Eastlands, Padre Arnold Grol, Mholanzi, alianzisha Undugu mwaka 1973 kwa ajili ya watoto walioishi mitaani Nairobi wakiwaelekeza madereva pa kuegesha ili wapewe senti. Baadaye shirika hilo likaanzisha elimu ya msingi katika vitongoji kama Pumwani na Mathare: masomo ya miaka mingi yalifupishwa yakawa hatua tatu, kisha mwaka wa ufundi. Ratiba ilimfuata mtoto alivyo. Shule ya kawaida ingemtaka kwanza afanane na wengine.

Lakini ni lazima niwatetee wazazi wa Tena wanaodai mtihani. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizuru Afrika Mashariki, ikapendekeza Waafrika wafundishwe mambo ya mazingira yao, kilimo na kazi za mikono. Mwaka uliofuata shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete. Waafrika walishuku, na walikuwa na sababu: watoto wa walowezi walisoma kwa ajili ya mitihani ya kufungua milango. Baadhi ya wazee wetu walijenga shule zao huru, na mwaka 1939 Mbiyu Koinange akaanzisha chuo cha walimu Githunguri, kilichofungwa Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952. Mama anayelipa tuisheni kwa pesa ya mboga anakumbuka hayo, hata kama hakuyasoma popote. Anajua mlango wa mtihani ulifunguliwa kwa jasho. Kumwambia mtihani si kitu ni kumkosea heshima.

Mwezi uliopita nilimwomba mwalimu wa ile nyumba ya chini aniachie nusu saa. Tulichora mto kwa chaki penye maegesho ya magari, mistari miwili tu, na watoto watatu wakaigiza lile igizo la mawe. Nilipouliza wameona nini, wote walimgeukia mwalimu wao kutafuta jibu usoni mwake. Mwalimu, Mungu ambariki, alitazama chini. Kimya kilikaa hadi nikataka kukivunja mwenyewe. Kisha msichana wa miaka kama tisa akainua mkono.

"Tichaa, na mbona hapo hakuna daraja?"

Mvulana mmoja akasema labda pesa ziliibwa. Mwingine akauliza, ziliibwa na nani? Mwalimu aliweka chaki chini akaketi nao sakafuni, na nusu saa yangu ikafika saa sita mchana.