Hobbes, Wallis na ugomvi wa alama

Mwaka 1655 John Wallis, profesa wa jiometri huko Oxford, alichapisha kitabu kuhusu mipinda inayopatikana ukikata koni. Humo ndimo ilimozaliwa alama ya ∞, ile nane iliyolala. Mwaka huohuo mwanafalsafa Thomas Hobbes alidai kwamba amegundua namna ya kuchora mraba wenye eneo sawa na la duara. Wallis akaichambua kazi hiyo na kuionyesha ilivyo mbovu. Ugomvi uliozuka uliishi hadi Hobbes alipofariki mwaka 1679.

Hobbes aliipenda jiometri tangu alipofungua kitabu cha Euclid akiwa na miaka kama 40. Alichokichukia ni alama. Mwaka 1656 aliandika kuwa kitabu cha Wallis kimeota alama kama upele, hata akakosa subira ya kukagua hoja zake. Kwake alama zilimfupishia kazi mwandishi tu. Msomaji alibebeshwa mzigo mara mbili, azifumbue kwanza ndipo aelewe. Wallis asingeweza kulihisi hilo. Kufumbua alama kulikuwa mazoea yake, kwani ndiye aliyefumbua barua za siri za wafuasi wa mfalme wakati Waingereza wanapigana wenyewe kwa wenyewe.

Lakini pana mahali Hobbes aligusa penyewe. Ili kupata eneo la pembetatu, Wallis aliikata katika misambamba isiyo na idadi, kila mmoja ukiwa na kimo cha 1/∞ ya kimo chote. Akajumlisha, akapata nusu ya kitako mara kimo. Jibu ni sahihi kabisa. Hobbes akahoji: kimo hicho kipo au hakipo? Kama hakipo, pembetatu yenye kimo imejengwaje kwa vipande visivyo na kimo? Na kama kipo, hata kiwe kidogo vipi, misambamba haiwezi kuujaza ule upande ulioinama bila kubakiza pengo au kuzidi.

Kuhusu duara Hobbes alikosea, na mwaka 1882 Ferdinand Lindemann alithibitisha kwamba kuchora mraba huo kwa rula na bikari haiwezekani. Ila inaniuma kuona kosa hilo likilizika swali lake jema. Wallis hakulijibu ipasavyo. Newton, aliyejifunza kwa vitabu vya Wallis, alirithi udhaifu uleule, na mwaka 1734 askofu George Berkeley akaufichua tena. Ilibidi kungoja karne ya 19, wanahisabati Cauchy na baadaye Weierstrass walipoeleza maana ya kikomo kwa namba za kawaida, bila kuhitaji 1/∞.