Neno Ciabatta na Jamaa Zake

Mwitaliani wa zamani aliposikia neno ciabatta aliona kiatu, wala hakuona mkate. Mkate ulioenea kwa jina hilo ulibuniwa mwaka 1982 na Arnaldo Cavallari huko Adria, katika jimbo la Veneto, ukaitwa hivyo kwa umbo lake bapa, kama kiatu kilichochakaa. Kiatu chenyewe ni cha kale zaidi mno: ni kiatu chepesi cha nyumbani, aghalabu kikuukuu kilichokanyagwa kisigino. Hata ciabattino, mshona viatu, jina lake lanukia viraka kuliko ngozi mpya.

Jamaa za neno hili ni nyingi: savate la Kifaransa, zapato la Kihispania, sapato la Kireno, na sabbat la Kiarabu cha Afrika ya Kaskazini. Mzazi wao katika Kilatini haonekani. Calceus, kiatu cha Warumi, kimeacha katika Kiitalia calza, yaani soksi! Kwa hiyo kamusi kadhaa zimeelekeza Kituruki na Kiajemi. Lakini zapato limo katika utenzi wa Cid, uliotungwa Hispania karibu na mwaka 1200, ilhali dola ya Osmani ilianza karibu na mwaka 1299. Ikiwa neno lilitoka mashariki, basi halikuletwa na Waosmani. Anayeshikilia asili hiyo hana budi kuonyesha njia nyingine. Kufanana kwa sauti pekee hakutoshi.

Onyo hilo lawahusu pia wachunguzi wa Kiswahili, mintarafu ya neno sapatu. Kwa kuwa sabbat limo katika Kiarabu, ni rahisi kulitia sapatu katika mkumbo wa maneno ya Kiarabu. Hata hivyo Kiarabu fasihi hakina sauti p, na b yake hubaki b katika Kiswahili: kitabu, hesabu, bahari. P ya sapatu yaelekeza kwa Wareno, walioanza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593, na waliotuachia pia meza na bendera.

Maana ndiyo iliyogeuka. Sapato la Kireno ni kiatu cha kawaida. Sapatu la Kiswahili ni kiatu chepesi cha kuchopeka mguu tu, karibu sawa na ciabatta. Wala si kwamba Mwitaliani alipita hapa. Waswahili walikwisha kuwa na neno kiatu, na mgeni akapewa chumba kidogo zaidi.