Ndege Ki-48 ya Wajapani: Mbio si Ngao

Tukisoma habari za vita kubwa ya 1939-1945, mara nyingi tunahesabu ndege, tunasahau watu waliokuwa ndani yake. Basi tuangalie historia ya ndege moja, Ki-48 ya Wajapani.

Mwaka wa 1937, katika vita ya China, Wajapani walikutana na ndege za Warusi waliosaidia Wachina. Ile Tupolev SB ilitupa mabomu na kukimbia upesi, hata ilikuwa shida kuikamata. Mwezi wa Desemba jeshi la Japani likaagiza kiwanda cha Kawasaki kitengeneze ndege ya namna ile, yenye kwenda kilometa 480 kwa saa. Mkuu wa mafundi alikuwa Takeo Doi. Ndege ya kwanza iliruka Julai 1939. Mkia ukatetemeka, wakautia nguvu. Mwaka wa 1940 ikaanza kazi katika China.

Huko ilifanya vema, maana adui alikuwa na ndege chache za kuizuia. Ndipo kosa lake likafichika. Ilichukua watu wane na kilo 400 tu za mabomu. Bombomu tatu ndogo. Tena hakuna chuma cha kuwakinga watu ao tanki za esansi. Mbio ilikuwa ngao yake. Katika Burma na New Guinea ilikutana na ndege za Uingereza na Marekani zenye mbio zaidi, na ngao ile ikavunjika. Kawasaki wakatia motere zenye nguvu, kinga, na mabomu ya kilo 800. Lakini adui naye hakulala. Mwezi wa Oktoba 1944 kazi ya kuzitengeneza ikakoma, zikiwa 1,977.

Mwisho wake ni wa huzuni. Mwaka ule ule wakuu walifunga bomu ndani ya ndege kadhaa, ili rubani ajigonge melini na kufa. Huko Filipino kapitani Iwamoto alilipinga shauri hilo. Akaamuru mafundi watie waya wa kuangusha bomu. Novemba 5 aliuawa na ndege za Wamarekani. Lakini kaporali wake, Tomoji Sasaki, alitumwa afe mara tisa, akarudi mara tisa; akaishi hata 2016.

Tunaona basi: wakuu waliosahau kinga ya watu mwanzoni, mwishoni waliwatoa kama risasi. Na waya mmoja wa fundi ulitosha kumrudisha mtu kwao.