Mwezi Mpevu na Pumziko la Ziwa

Zamani wazee wetu wa Uvira walivua ndagala usiku kwa lusenga, moto ukiwaka mbele ya mtumbwi ili samaki wafuate mwangaza. Mwezi ukiwa mpevu, moto haukufaa kitu. Wavuvi walibaki pwani wakishona nyavu. Njo maana ziwa lilipumzika bila amri ya serikali.

Miaka ya 1950 zikaja nyavu kubwa na taa kali. Leo pumziko la mwezi peke yake halitoshi, kwa sababu makokoro yanavuta hata samaki wachanga. Na sisi watu wa mjini tunaovua kwa ndoano kwa kujifurahisha, tusijitoe. Kuhe analinda watoto wake, baba na mama pamoja. Ukimvuta mzazi, watoto wanaliwa.

Ng'ambo, Tanzania, karibu na Mahale, vijiji vyenyewe vimetenga mazalio ya samaki. Mwaka 2024 nchi hiyo ilifunga uvuvi ziwani tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti. Lakini mvuvi wa Kalundu akifungiwa miezi mitatu, nyumbani watakula nini? Tunaomba wavuvi waulizwe kwanza. Desturi ya kupumzisha ziwa si ngeni kwao.