Jina la Askari na Kalamu ya Karani: Juu ya Kusahihisha Kumbukumbu za Utumishi wa Kijeshi nchini Kenya

1. Utangulizi

Mtaa wa Karen, ulioko magharibi ya jiji la Nairobi, una jina ambalo asili yake ina mabishano. Karen Blixen, mwandishi wa Kidenmarki aliyelima kahawa mahali hapo hadi mwaka 1931, aliamini kwamba mtaa huo uliitwa kwa jina lake. Wengine husema kwamba jina lilitokana na kampuni ya kahawa iliyomiliki shamba hilo, na kwamba mwenyekiti wa kampuni, Aage Westenholz, aliipa kampuni jina la binti yake mwenyewe, ambaye naye aliitwa Karen. Ikiwa jina la mtaa mzima, lililoandikwa na watu waliojua kusoma, laweza kudaiwa na watu wawili, si ajabu kwamba jina la kuruta aliyesimama mbele ya meza ya karani wa jeshi, asijue herufi hata moja, liliweza kupotea kabisa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba makosa ya majina katika kumbukumbu za askari wa Kenya wa enzi ya ukoloni aghalabu hayakuwa makosa ya mkono tu. Yalitokana na kugongana kwa taratibu mbili za kutaja watu. Kwa hiyo kuyasahihisha ni kazi ya mwanaisimu kama ilivyo kazi ya mwanasheria.

2. Safari ya jina kutoka kinywani hadi daftarini

Kikosi cha King's African Rifles kiliundwa mwaka 1902. Katika Vita Kuu ya Kwanza kiliongezewa jeshi kubwa la wapagazi, ambao kumbukumbu yao imebaki katika majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Katika Vita Kuu ya Pili, Kenya peke yake ilitoa watu wapatao 98,000. Lugha ya amri na ya mafunzo ilikuwa Kiswahili, lakini daftari lilifuata mazoea ya Kiingereza. Basi jina la Mkamba au la Mjaluo lilipita katika masikio mawili kabla ya kutua katika karatasi: sikio la Kiswahili, kisha kalamu ya Kiingereza.

Makosa yaliyotokea njiani yaweza kugawanywa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la sauti. Kikikuyu na Kikamba vina irabu saba, hali Kiswahili kina tano. Irabu mbili zilizobaki ziliandikwa mara kwa "i" na "u", mara kwa "e" na "o", kadiri karani alivyosikia. Sauti ya "dh" katika jina la Kijaluo kama Odhiambo iliweza kuandikwa "d" tupu. Mtu mmoja, akiwa na hati mbili za makarani wawili, alikuwa na majina mawili.

Fungu la pili ni la muundo, nalo lina madhara zaidi. Fomu ya Kiingereza ilitaka jina la mtu likifuatiwa na jina la ukoo lisilobadilika kutoka kizazi hadi kizazi. Jamii nyingi za Kenya hazikuwa na jina la namna hiyo. Njoroge wa Kamau ni Njoroge mwana wa Kamau, na mwanawe hataitwa Kamau kwa kuwa ndilo jina la ukoo. Ataitwa hivyo ikiwa ndiye kifungua mimba wa kiume, kwa kumrithi babu. Kwa Wakalenjin neno "arap" lina maana ya "mwana wa", na kijana hulipata baada ya jando. Rais wa pili wa Kenya, Daniel Toroitich arap Moi, alikuwa mwana wa Kimoi. Karani aliyedhani kwamba "Arap" ni jina la mtu aliwakusanya wana wa baba mbalimbali chini ya herufi moja, kana kwamba ni ndugu. Kadhalika jina lilikua pamoja na mwenyewe. Hussein Onyango, babu yake Barack Obama wa Marekani, alizaliwa Onyango mwana wa Obama. Jina la Hussein alilipata aliposilimu. Majina hayo yote yalikuwa yake, kila moja kwa wakati wake.

Fungu la tatu ni la makusudi. Wakoloni waliamini kwamba yako makabila yaliyozaliwa kwa vita, na Wakamba na Wakalenjin walipendelewa. Vijana wa makabila yasiyopendelewa walijua hivyo, na wako waliojiandikisha kwa kabila la jirani na kwa jina la kuazima. Hapa karani aliandika sawasawa alichoambiwa. Aliyekosea ni utaratibu uliomlazimisha mtu kujikana ili apate mshahara.

3. Kipande na mfuko wa ngozi

Sheria ya kuandikisha Waafrika wanaume ilipitishwa mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya vita. Kila mtu mzima alipaswa kuchukua kipande chenye alama za vidole, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha bati. Kipande kilisema mtu ni nani, lakini mwenyewe hakuulizwa kama kimesema kweli.

Katika kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya maisha ya shambani hapo Karen, Blixen ameeleza habari za mzee mmoja Mkikuyu, anayemwita Jogona Kanyagga, aliyemwomba amwandikie ushahidi kwamba mtoto aliyeuawa kwa ajali ya bunduki alikuwa amelelewa naye kama mwanawe. Aliposomewa maandishi, na jina lake likatajwa, mzee alishtuka kwa namna ambayo mwandishi hakuisahau. Baadaye aliishona karatasi ile katika mfuko wa ngozi wenye shanga, akauvaa shingoni. Basi shingo ya Mwafrika wa siku zile iliweza kubeba hati za namna mbili: ile aliyoandikiwa ili azuiwe, na ile aliyoiomba mwenyewe ili aaminiwe.

Hata hivyo, tahajia ya Kikikuyu haina "j" isiyotanguliwa na "n", wala haina "gg". Huenda mzee huyo aliitwa Njuguna. Hata mkono uliomwandikia kwa wema uliandika ulichosikia.

4. Kusahihisha si kubadilisha

Askari wa zamani, au mjane wake, anayedai haki kwa hati yenye jina lililopotoka, huwa na njia mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni hati ya kubadili jina. Njia hii ina kasoro ya kimantiki: anayebadili jina hukiri kwamba lile la kwanza lilikuwa lake, hali yeye anadai kwamba halikuwa lake kamwe. Ya pili ni hati ya kiapo kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Hii ina ukweli zaidi, lakini haielezi kwa nini majina yalitofautiana. Na palipo na askari watatu wenye jina moja, kiapo peke yake hakitoshi.

Kinachotakikana ni kusahihisha kwa kuongeza, bila kufuta. Umbo lililoandikwa na karani libaki, kwa kuwa ndilo linaloiunganisha hati hii na nyingine. Kando yake liwekwe umbo sahihi kwa tahajia ya lugha ya mwenyewe, pamoja na maelezo ya kila sehemu: lipi ni jina la mtu, lipi la baba, lipi la dini. Kisha namba ya jeshi, kijiji, na rika la jando vitumike kama mashahidi. Rika lina thamani maalumu, maana mara nyingi liliitwa kwa tukio la mwaka wake, na laweza kusahihisha umri uliokisiwa na ofisa kwa kumtazama mtu usoni.

5. Hitimisho

Sanamu ya askari na wapagazi iliyoko Kenyatta Avenue, Nairobi, ina maandishi ya Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, lakini haina jina la mtu hata mmoja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliokufa kwa ajili ya Vita Kuu ya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kazi ya kuyatafuta majina hayo imeanza.

Ni kazi njema, lakini ina hatari yake. Kosa lililoko daftarini laweza kusahihishwa kwa wino. Likishachongwa katika jiwe litakuwa ndiyo kweli, na wajukuu watapita mbele yake wasimtambue babu yao. Kabla ya mchongaji kuitwa, yafaa aitwe kwanza anayejua lugha ambayo kwayo mtu huyo aliitwa na mama yake.