Maegesho katikati ya jiji: Ada ya siku nzima ina kasoro gani?

Katikati ya jiji la Nairobi, ada ya kuegesha gari barabarani imezoeleka kutozwa kwa siku. Mwaka 2013 serikali ya kaunti iliipandisha kutoka shilingi 140 hadi 300. Hata hivyo, ada ya namna hii humtoza sawa anayeingia benki kwa nusu saa na anayeliacha gari tangu asubuhi hadi jioni. Nafasi hujaa mapema, na mteja anayefika saa nne huzunguka akitafuta pa kuegesha, huku akiongeza foleni.

Marehemu Donald Shoup, mtaalamu wa mipango miji wa Marekani, alipendekeza katika kitabu chake cha mwaka 2005 bei ipangwe ili nafasi moja au mbili zibaki wazi katika kila kipande cha barabara, na mapato yaboreshe mtaa huohuo. Mwaka 2011 San Francisco ilianza kujaribu bei hizo: zilipanda palipojaa, zikashuka palipobaki patupu.

Kwa miji yetu inayokua, tunajifunza kwamba kabla ya kujenga maegesho mapya, ni vyema kuuliza nani anayashikilia yaliyopo, na kwa muda gani.