Saint-Camille-de-Lellis (shirika)

Saint-Camille-de-Lellis ni shirika la Kikatoliki lililoanzia Bouaké, Cote d'Ivoire. Huwatafuta mitaani watu wenye maradhi ya akili wasio na makazi, huwatibu na kuwarudisha kwa jamaa zao. Mwanzilishi wake, Grégoire Ahongbonon, ni mzaliwa wa Benin. Si daktari, alikuwa fundi wa kuziba pancha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alimwona mtu aliye uchi akichakura jalalani kutafuta chakula. Watu wa aina hiyo alikuwa amepishana nao kwa miaka. Safari hii alisimama. Yeye na mkewe wakaanza kutoka usiku kuwapelekea chakula na maji, wakizungumza nao hadi wazoeane, na baadaye akapata nafasi ya kuwahudumia katika hospitali ya mji. Dawa hazikuwa jambo la kwanza. Mgonjwa huogeshwa, hunyolewa, huvishwa nguo safi na kuitwa kwa jina lake, na hapo ndipo penye uzito wa kazi hii.

Shirika pia huwafungua wagonjwa waliofungwa minyororo vijijini, wengine mguu ukiwa umebanwa kwenye gogo la mti kwa kipande cha chuma. Familia nyingi hufanya hivyo kwa kukosa tiba wanayoweza kuilipia, wala si kwa ukatili.

Baadhi ya wauguzi wa vituo vyake waliwahi kuwa wagonjwa humo humo. Kazi imeenea Benin, Togo na Burkina Faso, na mwaka 2015 Ahongbonon alipewa tuzo ya Dr. Guislain ya Ubelgiji.